Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Marafiki wa Nyumba ya Alice Austen, Staten Island

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nitazungumzia maonyesho na shughuli zilizowaleta watu mwaka huu nyumbani kwa Alice Austen, mpiga picha wa New York aliyeishi hapa.

Maonyesho makubwa yalihusu picha za watu wa mitaani alizozichapisha mwaka 1896: wafagia barabara, wauza magazeti, wang'arisha viatu, tarishi, polisi. Binti huyu wa familia yenye nafasi alivuka kwa feri hadi Manhattan na mzigo mzito wa kamera, stendi ya kuisimamishia na mabamba ya vioo yaliyotumika badala ya filamu, akawapiga picha watu wakiwa kazini. Sura zao tunazo. Majina ya wengi wao hatunayo. Kwa sababu hiyo kamati iliamua kwamba ukuta wa pili uwe wa majirani zetu wa mtaa huu wa Rosebank, nao wakiwa kazini, kila picha na jina la mwenyewe, kwa ridhaa yake.

Wapo wanachama waliosema picha za leo zinazishusha hadhi zile za zamani. Niliwasikiliza, na bado sikubaliani nao. Jirani aliyekuja kujiona ukutani alirudi na jamaa zake, na hao ndio waliosimama muda mrefu mbele ya wafagiaji wa 1896, wakibishana kuhusu ufagio, viatu na malipo ya siku. Mjadala wa namna hiyo sijawahi kuusikia katika ziara zetu za kuongozwa.

Walioulizia mbona tumetundika nakala, jibu ni mwanga. Picha asilia za karatasi hufifia zikiangazwa, na desturi ya makumbusho ni kuzipa mwanga hafifu wa lux 50 tu (lux ni kipimo cha mwanga), kisha kuzirudisha gizani baada ya miezi michache. Sebule yetu inatazama maji ya Narrows, mlango wa bahari wa kuingilia bandari ya New York. Tungelazimika kufunga mapazia mchana kutwa, ilhali mandhari yale ni nusu ya kinachowaleta wageni.

Warsha za watoto ndizo zilizonifurahisha zaidi. Alice aliishika kamera ya kwanza akiwa na umri wa miaka kumi hivi, ilipoletwa na mjomba wake nahodha. Ndugu mwingine wa familia, profesa wa kemia, akamfundisha dawa za kusafishia picha. Chumba chake cha giza kilikuwa stoo ndogo ya ghorofani isiyo na bomba, kwa hiyo alishuka na mabamba hadi kwenye pampu ya bustanini kuyasuuza, hata wakati wa baridi kali. Watoto tuliwapa trei zenye vipande vya plastiki tu, wakashuka ngazi polepole mithili ya waliobeba mayai. Baada ya hapo, aliyetaka kuwaeleza ugumu wa kazi ile hakuwa na la kuongeza.

Kuhusu Gertrude Tate, kamati imeamua kuacha kuzungukazunguka. Alice alikutana naye mwishoni mwa miaka ya 1890, na kuanzia 1917 waliishi pamoja katika nyumba hii. Anguko la soko la hisa la 1929 liliwamalizia akiba, na mwaka 1945 wakatolewa humu. Alice aliishia kwenye makao ya maskini kabla picha zake hazijajulikana upya mwaka 1951. Akafariki mwaka uliofuata. Walitaka kuzikwa pamoja, familia zao zikakataa. Maelezo ya ukutani sasa yanamtaja Gertrude kama mwenza wa maisha yake. Neno “rafiki” peke yake tumeliondoa.

Mikusanyiko ya bustanini iliendelea kama kawaida. Wajitoleaji wa bustani wanastahili shukrani, pamoja na msaada wa mikono, maana wamekuwa wachache mno.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza maonyesho ya picha alizopiga katika vituo vya karantini vya bandari ya New York, ambako wahamiaji walikaguliwa kabla ya kushuka. Tunaomba pia idhini ya kurekodi kwa sauti simulizi za majirani waliohamia hapa kutoka nchi nyingine, zisikike katika chumba hichohicho. Mapendekezo yote mawili yatapigiwa kura leo, kila moja peke yake, kabla ya uchaguzi wa wajumbe wapya wa kamati.