Chuo kimo kwenye saraka, je, mwanangu atapewa leseni?

Ndugu Mhariri,

Mwanangu ana miaka 19. Amepata nafasi ya kusomea udaktari katika vyuo viwili vya nje, na vyote vinataka malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi. Nyumbani hatuelewani tena. Naomba ushauri wako na wa wasomaji, hasa madaktari mliosomea nje mkarudi.

Chuo cha kwanza kinafundisha kwa Kiingereza na ada yake tunaimudu. Wakala anasema kinatambulika dunia nzima. Nilipomuuliza kinatambuliwa na nani, alinionyesha kwenye simu jina la chuo katika saraka ya World Directory of Medical Schools, yaani orodha ya vyuo vya udaktari duniani. Mume wangu akaridhika palepale. Mimi usiku ule niliifungua mwenyewe nikasoma mpaka chini. Wenye saraka wanasema wazi kwamba chuo kuorodheshwa humo si ithibati, yaani si uthibitisho kwamba kimekaguliwa na kukubaliwa. Nikaendelea kusoma, nikaona kuwa hata WFME, Shirikisho la Dunia la Elimu ya Utabibu, halikagui chuo kimoja kimoja. Hukagua vile vyombo vinavyokagua vyuo. Na mwisho wa yote, leseni hutolewa na baraza la madaktari la nchi ambako mtu anataka kutibu. Nilimwomba wakala aandike kwenye mkataba ni mabaraza gani yanakikubali chuo chake. Akakataa.

Hofu yangu ina sababu. Mtoto wa dada yangu alisoma miaka sita katika chuo cha namna hiyo, akarudi na shahada, na mtihani wa usajili umemshinda mara mbili, sehemu ya vitendo. Darasani walisoma kwa Kiingereza, lakini wodini wagonjwa walizungumza lugha yao. Daktari akimhoji mgonjwa kwa robo saa, kisha anawageukia wanafunzi waliosimama nyuma yake na kuwaambia, "Maumivu ya tumbo, siku tatu." Basi. Kidole tumbo mara nyingi huanza kuuma karibu na kitovu, kisha maumivu yanahamia chini upande wa kulia, na hilo unalijua kwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Mtoto wa dada yangu hakuwahi kumuuliza mtu. Siku hizi jioni ananilaza kwenye kochi, ananiuliza maswali huku akinibonyeza tumbo, nami najifanya mgonjwa. Mikono yake inatetemeka. Roho inaniuma, kwa sababu kijana yule ana akili na alijituma.

Chuo cha pili kinafundisha kwa lugha ya nchi yenyewe. Mwaka mzima wa kwanza ni wa kujifunza lugha, kwa hiyo jumla ni miaka saba, na gharama inapanda. Lakini nimezungumza na wahitimu wake wawili ambao baraza letu limewasajili. Wote wawili walihoji wagonjwa wenyewe tangu mwaka wa nne. Moyo wangu uko huko. Mwanangu anaona mwaka wa lugha ni mwaka wa kupotea, na baba yake yuko upande wake.

Kinachonirudisha nyuma ni kanuni kubadilika njiani. India mwaka 2021 iliweka masharti kwa raia wake wanaosomea nje: masomo yasiyopungua miezi 54, kwa Kiingereza, na mafunzo ya vitendo ya miezi 12 katika chuo kilekile. Baraza letu halina sharti la lugha kwa sasa. Likiiga hilo katikati ya miaka saba, chuo ninachokipenda ndicho kitakachotuponza. Nimeliandikia, likajibu kuwa kila mhitimu hupimwa anaporudi, kwa vyeti vyake, muda aliokaa wodini, na kama nchi aliyosomea ingemruhusu kutibu huko.

Sasa ninauliza. Kuna aliyewahi kupata barua ya baraza kabla ya kuondoka, na ilimsaidia aliporudi? Kanuni zikibadilika, huwagusa walioanza tayari? Na kwa mliosoma kwa Kiingereza mahali ambako wagonjwa hawakijui: mliwezaje wodini, au nanyi mlisimama nyuma tu?

Tafadhali msikawie, zimebaki siku kumi na moja.

Mama mzazi