Shukrani kwa kaka wa Msikiti wa Gaddafi, Dodoma

Kaka uliyekuwa umevaa kanzu ya kijivu Jumamosi iliyopita, popote ulipo, asante sana.

Nilimleta mama kutoka Kondoa kwa sababu alitamani kuuona msikiti huu tangu ulipofunguliwa mwaka 2010. Goti likamkamata mlangoni. Ukamletea kiti cha plastiki, ukachuchumaa kumfungulia viatu kama mwanawe wa kumzaa, kisha ukamshika mkono hadi ndani. Ukamwelekeza kibla, kwamba kwetu Dodoma Makka iko upande wa kaskazini, ukamwacha atazame kuba kwa raha zake. Hukumharakisha hata kidogo. Mama alilia.

Baadaye ukatuitia bajaji na kutusindikiza hadi Soko la Majengo. Ulimchagulia mlenda mkavu, ukiusugua kiganjani kuhakikisha hauna mchanga, na zabibu za hapahapa Dodoma. Nilipotoa hela ukasema, "Dada, huyu ni mama yangu pia."

Jina hatukukuuliza, na hilo linaniuma. Mama anakutaja kila baada ya swala. Mungu akulipe kheri, kaka yangu.