Mdogo wangu, mwanetu sio mkaidi

Mdogo wangu,

Jumapili ulinikatia simu na ulikuwa na haki, nilianza vibaya. Mtu haanzi kuongea na mdogo wake mwenye mimba kwa kumuuliza "bado unakunywa?" kama vile anamkamata. Nimekutumia meseji naona tiki mbili halafu kimya, basi nimeona niandike hapa. Jina lako silitaji wala la mtoto. Naandika wazi kwa sababu najua wako kina mama wengi wana mtoto kama wetu ndani ya nyumba na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kitu chochote zaidi ya "huyu mtoto wako ana nini?"

Nianze na hili maana ndilo limenikaa kifuani. Ile Disemba uliyopanda Kibosho ukiwa na mimba ya huyu mwanetu, kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi, nilikuchotea mimi. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake pale karibu na jiko, akasema mpe mwenzio, mbege ni chakula ile, ina ulezi, italeta maziwa, na mimi nikachota kata nzima nikakupa na wote tukafurahi ulivyoimaliza. Jioni tukatoka na shemeji nikakununulia bia mbili, ya tatu ulikataa nikakwambia acha maringo, ni sikukuu. Kwahiyo siandiki hapa kukulaumu, mi nitakulaumu kwa lipi wakati glasi nilishika mimi.

Na bibi naye hakujua kwamba pombe anayokunywa mama inamuumiza mtoto aliye tumboni. Angejulia wapi? Madaktari wenyewe walichelewa mno. Mwaka 1968 ndio daktari mmoja Mfaransa, Paul Lemoine, aliandika na wenzake kule Nantes kuhusu watoto 127 waliozaliwa kwenye familia za walevi, akaeleza jinsi walivyofanana kwa udogo wa mwili na shida za akili, na wengi hawakumtilia maanani. Mpaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, ndio wakaupa ugonjwa jina, kwa Kiingereza fetal alcohol syndrome, na dunia ikaanza kusikia. Wakati huo bibi alishakuwa anapika mbege yake miaka na miaka, anachemsha ndizi, anatia magome ya msesewe, anakoroga ulezi, na kila mzazi wa pale kihambani amekunywa.

Sasa inakuwaje. Mama akinywa, pombe inaingia kwenye damu na inapita kwenye kondo la nyuma bila kuzuiwa na chochote, muda si mrefu damu ya mtoto inakuwa na pombe karibu sawa na ya mama yake. Ila wewe una ini la mtu mzima, yeye ini lake bado ni changa halijui kuivunja, na ile pombe inabaki pia kwenye maji ya uzazi anayoyameza humohumo tumboni, yaani wewe umeshaamka kichwa chepesi yeye bado anayo. Na ubongo haujengwi mwezi mmoja ukaisha, unajengwa toka wiki za mwanzo kabla hujajua kama una mimba mpaka siku unayojifungua. Ulezi hausaidii hapo. Bia, wain, mbege, gongo, kinachopita ni kilekile, na hakuna kiasi ambacho wataalamu wamekipima wakasema hiki ni salama kwa mjamzito.

Nirudi kwa mwanetu. Juni alipokaa kwangu wiki tatu nilimwangalia kwa makini kwa mara ya kwanza, sio kama mama mkubwa tu. Nilimtuma dukani chumvi na kiberiti, akaja na kiberiti, nikamrudisha akaja mikono mitupu analia kwamba amesahau alichotumwa. Jumatatu usiku alinihesabia mbili mara moja mpaka mbili mara kumi bila kukosea nikampigia makofi, Jumanne asubuhi ilikuwa kama hajawahi kuisikia maishani. Chenji ya elfu tano aliwagawia watoto wa kona kwa sababu walimwambia wao ni marafiki zake. Nilimuuliza nani kavunja sahani akanipa stori ndefu ya paka, na tuliona wote ni yeye, ila alivyoieleza niliona kabisa anaiamini. Kwenye sherehe ya jirani muziki ulipofunguliwa sana alijificha chini ya meza kaziba masikio. Na bado ndio mtoto mwenye upendo kuliko wote, hakuna mtu aliyeingia pale nyumbani hakukumbatiwa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili huu mwaka wa 14. Watoto wa hivi nimepata, karibu kila mwaka mmoja au wawili, na nimewachapa. Naandika hili na mikono inatetemeka. Nimemchapa mtoto Jumatatu kwa kosa, Jumanne karudia lilelile, nikaona ni dharau nikaongeza. Nilikuja kuelewa kwenye mafunzo ya elimu jumuishi kwamba kuunganisha "nilifanya hiki jana" na "ndio maana leo nimepata hiki" ni kazi ya ubongo, na kwa watoto walioguswa na pombe tumboni hiyo ndiyo sehemu mara nyingi imeumia. Fimbo inamfundisha kuogopa tu. Kosa lenyewe halishiki. Kwahiyo ukisikia shuleni wamemwita mkaidi, mvivu, au mama mkwe wako anasema amechezewa ni wa kupelekwa kwa mtaalamu wa mitishamba, naomba uwe wewe wa kwanza kusema hapana.

Utaniuliza mbona sura yake iko sawa. Ni kweli, wapo watoto wenye alama usoni, mdomo wa juu mwembamba, kile kifereji kati ya pua na mdomo kinakuwa bapa, macho mafupi kwa upana, lakini hizo zinatokea pombe ikipita katika siku chache tu za mwanzo uso unapojengwa. Wengi wa walioathirika hawana alama yoyote. Mwanetu kachukua sura ya babu yule mzuri, ndiyo maana hakuna aliyestuka, na mtoto mzuri wa sura akishindwa watu wanasema anafanya makusudi.

Nakumbuka uliwahi kusema afadhali wewe kuliko yule dada wa mtaani kwako anayetumia unga na ana tumbo. Nalielewa neno lako ila si kweli, na naomba tusimtumie yule dada kama kipimo. Mtoto wa mama anayetumia heroini anazaliwa na arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, kama ya mtu mzima, siku mbili tatu za mwanzo analia kilio kikali chembamba, anatetemeka, hanyonyi vizuri, na inatisha kumtazama, lakini hospitali inatibika. Mwaka 1996 jopo la wanasayansi Marekani lilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba kati ya vileo vyote, kokeini, heroini na bangi vikiwemo, pombe ndiyo inayoleta madhara makubwa zaidi kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Yule dada msaidie akafike kliniki ya methadoni, dawa wanayompa mtu badala ya unga, Muhimbili wanatoa tangu 2011 na sasa ziko sehemu nyingine pia, na mwambie asiache ghafla peke yake akiwa mjamzito, hiyo ni hatari kwake na kwa mtoto, methadoni anaruhusiwa.

Wala sio sisi Wachagga tu tulioumizwa na kitu tulichopewa kama zawadi. Afrika Kusini, mashamba ya zabibu ya Western Cape, wafanyakazi walikuwa wanalipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, mfumo waliouita dop, vizazi na vizazi, mpaka ulipopigwa marufuku na hata baada ya hapo ulevi ulishakaa. Leo maeneo yale yana viwango vya juu kabisa vilivyowahi kupimwa duniani vya watoto wenye shida hii. Wale kina mama hawakuwa wabaya. Walikunywa kilichokuwepo, kama wewe ulivyokunywa nilichokuchotea.

Sasa tunafanyaje. Dawa ya kuurudisha ubongo hakuna, sitakudanganya, ila mtoto anasaidika sana na anavyogundulika mapema ndivyo bora. Nataka tumpeleke hospitali ya mkoa kliniki ya watoto, na pale daktari akiuliza kuhusu pombe sema ukweli wote, maana mi sio daktari, inawezekana ni kitu kingine kabisa, alichelewa kulia alipozaliwa unakumbuka, au ni vyote viwili. Wakati tunasubiri, mtume kitu kimoja kwa wakati mmoja. Usimwambie "nenda kaoge uvae ule uwahi shule", mwambie nenda kaoge, akirudi mwambie vaa. Kila siku mambo yafuatane vilevile. Mimi Juni nilimchorea picha nne nikabandika ukutani, mswaki, ndoo, sare, kikombe, na ile wiki ya tatu alikuwa anajiandaa mwenyewe huku anazigusa moja moja kwa kidole. Akisahau umkumbushe kwa sauti ileile ya kawaida, hata kama ni mara ya ishirini. Na hela asipewe, na asiachwe na watu tusiowajua, kwa sababu huyu ataondoka na yeyote atakayemchekea.

Halafu hii mimba. Una miezi minne. Hizo ulizokunywa zimeshapita na kulia hakuzitoi, ila miezi mitano iliyobaki ubongo bado unajengwa kila siku, na ukiacha leo huyu mtoto anafaidika kuanzia leo. Kama ukikaa bila kunywa mikono inatetemeka na unatoka jasho usijikaze kimyakimya, niambie tuende hospitali uache ukiwa unaangaliwa. Shemeji nimeshaongea naye, nimemwomba kreti asiingize ndani mpaka ujifungue, na yeye mwenyewe asinywe mbele yako, amekubali. Bibi pia nimempigia. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika, halafu akasema basi nitampikia mtori.

Ijumaa naingia Moshi na basi la asubuhi. Itafute ile kadi ya kliniki ya dogo ya zamani, ile yenye uzito aliozaliwa nao, daktari ataitaka. Na mwambie mama mkubwa anakuja, ila mwambie siku hiyohiyo. Ukimwambia leo, kesho asubuhi atakuwa amekaa getini ananisubiri.

Dada yako.