Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni wa Heshima, Kufunga Michezo ya Vakansi ya Pasaka, Lubumbashi

Mama mgeni wetu wa heshima,
Baba Perefe wa masomo, mkuu wa shule yetu, pamoja na walimu wetu,
Wazazi wa kamati,
Na ninyi wenzetu mliopanda juu ya ukuta ingawa viti vipo,

Jambo kwenu nyote.

Mama, tunakushukuru kwa kuacha duka lako siku ya Jumamosi, siku ambayo nusu ya Lubumbashi inatafuta saruji na misumari. Karibu nyumbani. Ulisoma hapa, ukakaa kwenye madawati haya haya (mengine ni yale yale kabisa, utayatambua), na wakubwa wetu wanasimulia kwamba ulicheza basketi kuliko wavulana wote wa darasa lako. Kuna mwalimu mmoja aliyesoma nawe ambaye ametuomba tusiisome sentensi hiyo. Tumeisoma.

Leo tunafunga michezo ya vakansi, yaani likizo, ya Pasaka ya 2026, na jambo lililotufanya tukuite ni lango la shule. Zamani kengele ya mwisho ikishalia, sentineli, mlinzi wetu, anatia kufuli, uwanja unabaki mali ya mbuzi wa jirani, na sisi tunabaki barabarani. Barabara yenyewe unaijua, umeipita leo: ndiyo njia ya malori ya madini yanayokwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Watoto wadogo wanapanga mawe mawili kuwa goli, lori linapiga honi, wanakimbia pembeni, vumbi likitulia wanarudi katikati. Kila mama wa mtaa huu amewahi kutoka mbio jikoni na mwiko mkononi kwa kusikia breki. Mwaka huu kamati ya wazazi ilikubali lango libaki wazi vakansi nzima, kwa majaribio, kuanzia asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Risala hii ni taarifa ya majaribio hayo, na pia ni ombi, kama risala zote zilivyo.

Vitabu vyetu vya Kifaransa vinatuonyesha Pasaka ya maua: theluji imeyeyuka, watoto wanatafuta mayai ya chokoleti bustanini. Ulaya ni hivyo kweli. Kwetu jakaranda huchanua Septemba na Oktoba, tunaporudi masomoni, na Pasaka inatukuta mvua zikiaga, majani yamefika kifuani, mahindi mabichi na karanga mpya zimejaa sokoni. Tena Pasaka haina tarehe moja. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, kwa hiyo inaweza kuangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Kwa mtu wa Ulaya hiyo ni hesabu ya kanisani tu. Kwa mtu anayepanga mechi Lubumbashi ni suala la matope. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa 31 Machi, mwaka 2025 ikawa 20 Aprili, na mtu yeyote wa hapa anajua tofauti ya anga katika wiki hizo tatu. Mwaka huu tumepata 5 Aprili, katikati: asubuhi jua, alasiri mawingu, na hakuna aliyethubutu kutangaza saa ya mechi bila kutazama juu kwanza.

Kazi ya kwanza ilikuwa kufyeka. Kila darasa lilipewa kipande chake, walioleta mapanga wakafyeka, wasioleta wakakusanya. Majani yalipoondoka tuliona kwamba upande wa goli la chini maji ya mvua yamechimba mfereji unaoweza kummeza mtoto wa darasa la kwanza. Tuliujaza mawe na udongo kadiri ya nguvu zetu. Tuliokota pia mipira iliyopotea tangu enzi za wakubwa wetu, na kiatu kimoja ambacho mpaka leo mwenyewe hajajitokeza.

Kuhusu mpira wa wavulana hatutasema mengi, kwa kuwa wenyewe wamekwisha kuyasema mtaani kote. Itoshe kutaja kipa wa darasa la nne, ambaye kila akidaka penalti alikaa chini akaruka kwa makalio uwanja mzima kama Robert Kidiaba, kipa wa zamani wa TP Mazembe, kwenye matope, akiwa na kaptula ya kaka yake. Kaka yake yupo hapa. Tunamwombea msamaha.

Nzango, Mama, ndiyo iliyojaza uwanja. Sasa ni mchezo wenye sheria, waamuzi na mashindano, na ulichezwa hata kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 2015, lakini ulizaliwa kwenye nyua za shule na bado unapendeza zaidi hapo. Wasichana wa pande mbili wanatazamana, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, kisha kwa pigo moja kila mmoja anatupa mguu mbele. Upande mmoja unapata pointi miguu ikielekeana, upande wa pili unapata ikipishana. Anayetazama kwa mbali anadhani ni bahati. Siyo. Katika mchezo wa mwisho tulimwona nahodha wa darasa la tano hatazami miguu ya mwenzake hata mara moja: anatazama bega. Bega la kulia likishuka kidogo, anajua mguu unaokuja. Mwenzake alipogundua, akaanza kushusha bega la uongo, na hapo wazazi waliokuja kwa kupita tu wakaacha baiskeli zao chini wakasogea. Hata wavulana waliokuwa wakisubiri uwanja wao wakasahau kudai zamu.

Wadogo wa shule ya msingi walikuwa na mbio za yai ndani ya kijiko. Mayai ya chokoleti yapo kwenye maduka ya mjini, lakini bei yake si ya kukimbia nayo. Tuliita muuza mayai ya kuchemsha, yule wa trei kichwani na kikopo cha chumvi iliyochanganywa na pilipili. Sheria iliwekwa na wadogo wenyewe: ukiangusha yai, unalimenya na kulila palepale, na mbio zako zimekwisha. Baada ya duru mbili walimu waligundua kwamba wengi wanaangusha hatua chache tu baada ya kuanza. Duru ya tatu ilikimbiwa kwa ndimu.

Chakula chote kililetwa na mama zetu, na faida yake ndiyo iliyolipa chaki ya mistari na filimbi. Palikuwa na vitumbua, mahindi ya kuchoma na karanga mbichi za kuchemsha. Palikuwa na kikanda, kilichokatwa vipande vinene, chenye pilipili ya kutosha kumfanya mtu akumbuke maji. Mwalimu wetu wa biolojia, ambaye hawezi kula bila kufundisha, alitukumbusha kwamba kikanda hutoka kwenye viazi vidogo vya okidi za porini, vinavyokaushwa, kutwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga, na kwamba kila kiazi kinachochimbwa ni mmea mmoja unaokufa. Wachimbaji sasa wanakwenda mbali zaidi kuvitafuta. Alisema hayo akiwa ameshika kipande cha pili.

Na palikuwa na kinywaji cha munkoyo. Aliyeutengeneza ni bibi wa mwenzetu mmoja, na tulimtazama tangu mwanzo: uji wa mahindi umepikwa ukaachwa upoe mpaka kidole kivumilie, kisha mizizi ya munkoyo iliyopondwa ikaingizwa. Uji mzito ukalegea mbele ya macho yetu, ukawa wa kumiminika, na kesho yake ukawa mtamu bila mtu kutia sukari. Mwalimu wa kemia anasema kuna vimeng'enya ndani ya mizizi vinavyovunja wanga kuwa sukari. Bibi anasema ni mkono wake. Tulikunywa wa siku moja. Ule wa siku nyingi, ambao unaanza kulevya, ulikaa kwenye kibuyu tofauti chini ya kiti cha bibi, na tungependa wazazi wajue kwamba hatujui ulikwisha vipi.

Sasa tufike kwenye neno letu.

Wapo wazazi wanaosema vakansi ni ya kozi za ziada na kusaidia biashara, mpira ni wa wavivu. Hatuwabishii kwa maneno yetu, tunawakumbusha historia ya mji wao. Mwaka 1939, mji huu ukiitwa bado Elisabethville, mapadri Wabenedikto walioongoza Institut Saint-Boniface walitafuta shughuli kwa wanafunzi ambao hawakuelekea upadri. Wakaanzisha timu ya mpira, wakaiita Saint-Georges. Timu hiyo ya wanafunzi ikabadili jina mara kadhaa, na leo ni TP Mazembe ya Kamalondo. Imechukua ubingwa wa Afrika mara tano, 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na mwaka 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, baada ya kuifunga Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0. Mwaka 2024 wanawake wake nao wakatwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika huko Morocco. Hatusemi uwanja wetu wenye mfereji utazaa Mazembe nyingine. Tunasema mapadri wale walikuwa na uwanja ulio wazi.

Vakansi kubwa inakuja, Julai na Agosti. Mvua hakuna, asubuhi ni baridi ya kutafuta sweta, mchana anga safi: hakuna miezi mizuri ya mchezo kuliko hiyo kwetu, na ndiyo miezi ambayo kufuli hukaa muda mrefu zaidi. Tunaomba lango libaki wazi na wakati huo. Kikwazo ni mshahara wa sentineli, maana kamati inasema haina fungu lake nje ya masomo. Fedha ya vitumbua na munkoyo tumeitunza, inatosha sehemu. Tunaomba wewe, Mama, uzungumze na wanafunzi wa zamani wenzako juu ya sehemu iliyobaki.

Ombi la pili ni la wasichana, na wametukataza kulifupisha. Hawana pa kubadilishia nguo. Wanavaa jezi chini ya sketi ya masomo tangu asubuhi, au wanakwenda kuomba chumba kwa jirani, na wengine wanaacha kucheza kwa sababu hiyo peke yake. Kile chumba kilicho nyuma ya stoo kipo, paa lipo, kuta zipo. Hakina mlango wala maji. Tunajua unauza milango. Tunajua pia unauza mabomba, lakini tumeambiwa tusiwe na tamaa, kwa hiyo bomba tunalitaja tu kwa kupita.

Mfereji wa goli la chini tutaujaza wenyewe mvua zikiisha, tukipata lori moja la udongo. Mipira tunayo, ingawa mmoja umeshonwa mara nyingi hadi umekuwa na upande wake unaoupenda kwenda.

Kwa niaba ya wanafunzi wote tunakukaribisha useme nasi, kisha upige mpira wa kwanza wa fainali. Tungeomba hotuba iwe ya wastani: mawingu ya upande wa Kipushi yameshaanza kujipanga, na mwalimu wa michezo ana sheria moja isiyobishaniwa, kwamba radi ikisikika wote tunaingia darasani.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya michezo ya wanafunzi,
Lubumbashi, Aprili 2026