Ndoo moja, bei moja

Goma, 12 Oktoba 2025

Mama Gloire, ndugu yangu,

Jambo sana. Bwana na watoto hawajambo? Ujumbe wako wa sauti niliusikia siku ile ile ulipoutuma, lakini jibu lake ni refu na mtandao wa huku unakatika katikati ya neno. Nimechukua karatasi. Nitaipiga picha usiku, mtandao ukitulia, uisome polepole.

Umeniuliza kama ni kweli wanavyosema huko Lubumbashi, kwamba huku vita vimewafungulia wanawake kazi. Kazi ipo. Tangu waasi wa M23 waingie mjini mwisho wa Januari, benki zimefunga, uwanja wa ndege umefunga, wanaume wengi wamekimbia au wamejifungia ndani, na wengine hatujui walipo. Anayetoka asubuhi ni mama. Anachukua samaki wadogo wa sambaza soko la Kituku akazungushe, anafua nguo za watu, anateka maji ziwani na kuyauza kwa bidoni, anaponda mawe. Kazi tunayo mpaka mgongo unakataa. Ila bei ya kazi hiyo ndiyo sijaiona ikifunguliwa, na hilo ndilo linaloniuma.

Mimi mwenyewe, unajua, nilikuwa mwalimu wa historia. Bado ni mwalimu, nafundisha siku tatu kwa juma, lakini wazazi hawana cha kulipa, na shule inanipa nusu ya mshahara mwezi ambao inaweza. Ukiletewa hela kwenye simu, wakala anakata sehemu yake kwanza, halafu anakupa noti zilizochakaa ambazo sokoni wanazikataa. Kwa hiyo tangu Julai siku zangu zingine niko kwenye mawe, huku juu mtaa wa Ndosho, pamoja na jirani yangu Mama Solange. Usishtuke. Ni mawe yetu yale meusi ya volkano ya Nyiragongo. Unakaa chini, unafunga vidole kwa kipande cha mpira wa tairi ili nyundo isivile, unaponda mpaka jiwe linakuwa kokoto. Vumbi lake linaingia kooni na halitoki hata kwa chai.

Pale kiwanjani tulikuwa wanawake tisa na wanaume wanne. Jioni kapita, msimamizi wetu, akawa anawapa wanaume franka 10,000 na sisi 5,000. Siku ya kwanza nilifikiri amekosea kuhesabu. Siku ya pili nilimwuliza kwa heshima, akanijibu: «Mwanamuke hawezi beba sawa mwanaume. Mpaka mutu amutwishe.» Yaani kwa sababu mtu ananisaidia kunyanyua ndoo niiweke kichwani, kazi yangu yote ya siku ni nusu kazi. Na anayenitwisha, Mama Gloire, ni Mama Solange. Hakuna mwanaume aliyewahi kunitwisha pale.

Usiku ule sikulala. Neno lile la kutwishwa nilikuwa nalijua, nililifundisha miaka mingi bila kulisikia vizuri. Unakumbuka somo la vita vya pili vya dunia? Mwaka 1940 Uingereza, wanaume wakiwa jeshini, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kwamba mwanamke anayeingia kazi ya mwanaume kiwandani atalipwa sawa naye baada ya wiki 32, mradi aifanye bila msaada wala usimamizi wa ziada. Waajiri wakalishika lile neno «msaada». Fundi wa kiume akimtegeshea mwanamke mashine asubuhi, basi amesaidiwa, mshahara kamili haupati. Ni kapita wetu kabisa! Nchi nyingine, vita vingine, neno lile lile.

Karibu na Glasgow, kwenye kiwanda cha Rolls-Royce cha Hillington kilichotengeneza injini za ndege, wanawake walichoka. Mwaka 1943 wakaacha kazi, wanaume wengi wakatoka pamoja nao, jumla watu kama 16,000. Walirudi baada ya makubaliano ninayoyapenda kuliko mambo yote niliyowahi kuandika ubaoni: kila mashine ya kiwanda iliorodheshwa, na mbele yake ikaandikwa bei ya kazi yake, awe anayeiendesha ni mwanaume au mwanamke. Bei ikatoka kwa mtu ikaenda kukaa kwenye mashine.

Sisi mashine hatuna. Tuna ndoo. Nikamwambia Mama Solange asubuhi: tuache kuuza siku zetu, tuuze ndoo. Ndoo iliyojaa kokoto ni ndoo, haina matiti wala ndevu. Tukakaa wote tisa chini ya hema, tukapanga franka 500 kwa ndoo, aponde nani aponde. Wanaume wawili wakakubali mara moja, maana ni vijana wenye nguvu na waliona watapata zaidi. Wawili wengine walinung'unika.

Kapita alikataa. Siku tatu hatukuponda. Siku tatu bila 5,000 ni siku ndefu kwa mtu mwenye watoto, na siku ya pili mmoja wetu alirudi kwa bei ya zamani kwa sababu mtoto wake alikuwa na homa. Sikumlaumu na sitamlaumu. Pesa ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana, tuligawana tukanunua unga. Siku ya nne mwenye nyumba inayojengwa alipoona fundi amekaa bila kokoto, kapita alikuja mwenyewe na bei ya ndoo ikapita. Jioni ile Mama Solange alihesabiwa ndoo 17. Alizishika zile 8,500 akakaa kimya, halafu akaniomba nimhesabie tena.

Kwa kubeba mchanga bado tunalipwa nusu. Huko hatujafika.

Kuna mtu aliniambia niende kwa sheria. Sheria ya kazi ya 2002 inasema kazi ikilingana mshahara ulingane, na tangu 2016 mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana yake. Niliipeleka, nikamsomea kapita. Alinisikiliza vizuri tu, halafu akauliza mkataba wangu uko wapi. Na mkataba kwenye mawe nani aliwahi kuuona?

Sasa nakuja kwa bibi yako, kwa sababu yeye ndiye ananirudia kichwani wakati naponda. Ile likizo niliyokuja kwenu, alitusimulia utoto wake kambini kwa Union Minière, kampuni ya migodi, jinsi wanawake walivyopanga mstari wa posho. Nilikuwa nasikiliza kama hadithi. Leo ndiyo naelewa. Miaka ile ya vita shaba ya Katanga na madini ya urani ya Shinkolobwe yalikuwa yanasafiri kwenda kwa Wamarekani na Waingereza. Vijijini, mwaka 1942, siku za kazi ya lazima zilitoka 60 zikawa 120 kwa mwaka, na bwana akikamatwa kwenda kutafuta utomvu wa mpira porini, shamba lilibaki kwa mke. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière walipodai nyongeza, walipigwa risasi tarehe 9 kwenye uwanja wa mpira, hapo hapo mjini kwenu. Walidai mshahara, maana mshahara walikuwa nao, ingawa mdogo. Mwanamke aliyepika ule unga, aliyefua yale magwanda, aliyezaa wafanyakazi wa kesho, alihesabiwa ndani ya posho ya bwana. Hakuwa na kitu cha kudai kwa jina lake.

Bibi alituonyesha kadi ya kambini, unakumbuka? Ya karatasi ngumu, imekunjwa mara nne, aliitoa kwenye sanduku la nguo. Tafadhali mwulize mama mkubwa kama bado ipo. Ikiwa ipo, ipige picha mbele na nyuma, unitumie. Nataka wenzangu wa kiwanjani waone palipoandikwa jina la babu, na mahali bibi alipowekwa.

Amani anakusalimu, ameota ndevu, amevunja sauti. Uniambie bei ya unga huko.

Ndugu yako,
Mama Amani