Kwa makanga na madereva wa steji yetu: sketi moja, miaka kumi

Wanangu,

Mnanijua. Nimeshika usukani miaka 27, na ni magoti yaliyoniteremsha, si polisi. Juzi nilikuwa kwenye benchi la karani wa foleni mkimjadili msichana aliyepita na sketi fupi. Mmoja wenu akasema, "Huyu angefunzwa adabu kidogo." Mkacheka. Chai ikanishinda kumeza.

Kicheko kile kina bei. Tangu Desemba 2014, Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina kifungu cha 251A: ukimvua mtu nguo kwa makusudi kumdhalilisha, kifungo chako hakipungui miaka 10. Faini haikutajwa, kwa hivyo msidhani sacco itapitisha kofia mtoke. Wewe wa miaka 23, piga hesabu mwenyewe, na yule mtoto wako wa chekechea umhesabie pia.

Kifungu hicho tulikileta wenyewe, sisi watu wa matatu. Mwaka ule wanawake walivuliwa nguo stejini mchana kweupe, video zikazagaa, na tarehe 17 Novemba wenzao wakajaa barabara za Nairobi kuandamana. Mwezi uliofuata sheria ikatiwa saini.

Halafu kuna ile kesi ya Githurai. Abiria alivuliwa nguo usiku ndani ya basi na kuporwa. Julai 2017 watu watatu walihukumiwa, dereva na kondakta wakiwemo. Kwa sababu waliiba pia, kosa likawa wizi wa mabavu, na adhabu yake ikasomwa kuwa kifo. Najua Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Lakini nani kati yenu angependa kulala na hukumu hiyo kichwani? Na kilichowaumbua ni video, ile iliyopigwa watu wacheke.

Mtasema, mimi sikuvuta nguo, nilisimama mlangoni tu. Sheria haigawi hivyo. Aliyeshika mkono, aliyeziba mlango na aliyevuta sketi husomewa shtaka moja. Ukisambaza picha za uchi wa mtu, sheria ya mitandao ya 2018 inakungoja na faini ya hadi shilingi 200,000, au miaka 2 ndani, au vyote viwili. Hata huku kupandisha abiria kwa kumsukuma makalio, mnakoita kazi, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inakuita kitendo cha aibu: hadi miaka 5 jela au shilingi 50,000, na ukimgusa hivyo mtoto wa shule, usiombe chini ya miaka 10.

Kifungu kinachopima urefu wa sketi hakipo. Na wanaohubiri adabu hapa ndio nawaona kila asubuhi wakikojolea gurudumu la nyuma, akina mama wa mboga wakigeuza nyuso. Hilo nalo ni kosa, ila leo nimewasamehe.

Sasa langu. Zamani, kabla ya hizi simu, nilimwona mwanamke akivuliwa nguo hatua kumi kutoka kwenye gari langu. Ugomvi ulianzia kwenye chenji. Nilikuwa na funguo mkononi. Ningeweza kupiga honi, ningeweza kumfungulia mlango wa mbele. Nilisimama nikizungusha funguo kidoleni. Aliyepenya lile kundi ni mama wa mahindi ya kuchoma. Alifungua leso yake kiunoni, akamfunga yule binti kifuani, akamshika mkono wakaondoka bila kumtazama yeyote. Jiko lake lilibaki peke yake, mahindi yakaungua. Hakuna aliyeyageuza, mimi nikiwemo.

Jumamosi saa nne nitakuja hapo stejini. Nitaleta leso tatu, karani aziweke kwenye droo ya risiti. Mwenye neno la kunijibu anikute kwenye benchi.

Ni mimi mzee wenu.