Barua kwa mwanangu aliyeko Rennes

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua. Ama baada ya salamu, jambo la jana kwenye simu halijanitoka. Nimemwambia mjukuu wangu "hujambo", akakugeukia wewe baba yake kukuuliza kwa Kifaransa babu anasema nini. Wewe ukacheka.

Ukasema eti mtoto asichanganywe lugha. Mwanangu, umesoma mpaka unawafundisha Wafaransa hesabu, na mtaani hapa kila mtu nimeshamwambia. Sasa hili umelitoa wapi? Hao wenyeji wako wenyewe hawakuanza na lugha moja. Mwaka 1539 Mfalme François wa Kwanza aliamuru hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa, lakini vijijini watu waliendelea na zao: Kibretoni, Kioksitani, Kibaski. Mapinduzi ya Ufaransa yakaja. Mwaka 1794 kasisi Henri Grégoire akalisomea bunge ripoti yake: watu wasiopungua milioni 6 hawakijui Kifaransa, na wanaokisema sawasawa hawazidi milioni 3. Wala hakuwa anawaonea huruma. Alitaka hizo lugha nyingine zifutwe.

Shule ndiyo iliyokuja kuifanya kazi hiyo. Sheria za waziri wa elimu Jules Ferry za 1881 na 1882 zilifanya elimu iwe bure na ya lazima, na mtoto wa Bretagne, huko huko uliko, aliyeponyokwa na neno la Kibretoni alivishwa kitu shingoni, mara nyingi kiatu kikuukuu cha mbao. Alikaa nacho mpaka amnase mwenzake, naye amvishe. Wa mwisho kukutwa nacho jioni ndiye aliyeadhibiwa. Usiniulize kwa nini nakijua vizuri kiatu hicho. Nimefundisha sekondari miaka mingi, na kibao cha waliosema Kiswahili kilining'inia ofisini kwetu.

Lakini sikiliza. Kiatu peke yake hakikuimaliza lugha. Waliokivaa walikua, wakazaa, wakaona aibu, wakawasemesha watoto wao Kifaransa tu ili wasiteseke. Hapo ndipo Kibretoni kilipokatika. Tangu 1977 kuna shule za Diwan, watoto wanafundishwa darasani lugha ambayo bibi zao waliijua na hawakuwaachia. Wewe hujavishwa chochote na mtu huko. Basi msemeshe. Ukimwogesha, ukimlisha, ukimgombeza, msemeshe Kiswahili. Kifaransa atakipata tu, kimemzunguka.

Hela za bati zimefika. Fundi ameezeka upande wa jikoni, uani bado, misumari imeisha. Mpangaji wa chumba cha mbele anadaiwa tena na safari hii sitamvumilia. Ulisahau kumpigia shangazi yako alipofiwa, mpigie.

Jirani yetu anakuja Paris mwezi ujao, amekubali kubeba achari ya embe, chupa mbili, si zaidi. Mama yako anataka kujua mtoto anakula pilipili au bado.

Baba yako